Sanduku Lenye Kidevu

Tulipomzika baba mwaka huu, emsii aliyekodiwa pamoja na spika zake kubwa nyeusi alimwita Bwana Spika tangu asubuhi hadi kaburi likafukiwa, na kila alipolitaja jina hilo watu walicheka kidogo, vile watu hucheka mazishini wakipata nafasi. Watoto wa majirani walimuuliza binti yangu kama babu yake aliwahi kuwa bungeni. Binti yangu akaja kuniuliza mimi. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimekaa kwenye vikao vya kamati hadi mgongo ukaniuma, nimepokea simu za watu ambao sijui namba yangu waliitoa wapi, nikamwambia tutaongea baadaye. Katika kile kijitabu cha ratiba waliandika kwamba marehemu alikuwa mkulima wa chai, mzee wa kanisa na baba wa familia. Nilikuwa nimeomba waongeze mstari mmoja tu kuhusu kazi ya spika. Wakasema nafasi imejaa, picha ni nyingi. Sikubishana nao.

Wageni walipoisha niliingia kwenye kibanda chake nyuma ya jikoni, nianze kupanga vitu. Ninyi wa rika langu mnayakumbuka yale masanduku ya chai. Zamani majani yalitoka kiwandani ndani ya masanduku ya mbao nyembamba, yamepigwa ukanda wa bati pembeni, na ndani yamefunikwa karatasi ya kung'aa. Yakishatumika yaliuzwa sokoni, na sijui nyumba ambayo haikuwa nalo: hapa limetiwa nguo, pale kuku anaatamia. Nilivuta moja kutoka chini ya meza ya baba, nikalifungua, na ile harufu ikanijia yote kwa pamoja, chai kavu, gundi, vumbi, na ule moshi mtamu wa waya wa kulehemu. Nikakaa juu ya debe nikalia, kilio ambacho sikupata nafasi ya kukilia mbele za watu.

Basi niwaambie jina hilo lilitoka wapi, kwa sababu waliobaki wanaolijua ni wachache, na mimi mwenyewe nguvu za kulirudia kila mara sina.

Baba alikuwa fundi wa redio kwenye kilima chetu, upande wa Kipkelion. Wakati huo kibanda chake kilikuwa kando ya kituo cha kupimia majani, na watu wakileta majani walileta na redio zao, wakamwachia. Nyingine hazikupona. Hizo alizipasua, akatoa kile kiduara cha karatasi nyeusi chenye sumaku nyuma, ambacho ndicho spika yenyewe, akakitundika ukutani kwa msumari. Ukuta mzima ulijaa viduara. Kila mtu alimwita fundi wa spika, hata waliomletea pasi.

Jioni aliwasha redio yake isiyo na kifuniko, matumbo yote nje, tukasikiliza habari za bungeni. Kila mheshimiwa alipoinuka alianza na maneno yale yale: Bwana Spika, naomba kuuliza. Bwana Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Wakati mwingine Bwana Spika alimkasirikia mtu, akamfukuza, na yule mtu mkubwa mwenye gari akatoka nje kweli. Sasa, mimi nilijua spika ni kitu gani. Zilikuwa zimetundikwa pale ukutani, nikiziona. Nikafunga hesabu yangu: wakubwa wa Nairobi wanaishukuru spika kwa sababu bila hiyo hakuna ambaye angewasikia, na spika ikikasirika hata mkubwa hutolewa. Ukiniuliza leo, bado naona maana yangu ilikuwa nzuri kuliko ya bunge. Nikaanza kuziheshimu. Asubuhi nikiingia kibandani nilizisalimia, chamgei, ile salamu yetu, kabla sijamwangalia baba usoni. Mama alidhani namsalimia baba, akawa anawasifia majirani adabu yangu.

Kogo alikuwa mama yake baba. Ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali, mwenye miguu iliyovimba kila msimu wa baridi, na masikio yake yalikuwa yameanza kuchoka. Kanisa letu siku hizo halikuwa na jengo. Tulisali kwenye uwanja wa mteremko, mhubiri amesimama chini penye usawa, watu wamekaa wakipanda na kilima, na akina nyanya juu kabisa kando ya ua wa misaiprasi, maana barabara inapita hapo na kushuka kuliwashinda. Siku za mikutano mikubwa zilikodiwa zile spika za bati zenye mdomo mpana kama ua la boga. Zilipiga kelele hadi mbwa wakahama. Lakini sauti ilienda ikagonga kilima cha ng'ambo ikarudi, neno la kwanza likakutana na la tatu njiani, na kule juu kwenye ua likafika gurumo tu. Akina nyanya walikuwa wakiinua mikono kuomba wakiona wengine wameinua.

Babu alipofariki, ibada ilifanywa kwenye uwanja huo kabla ya kumpeleka nyumbani kumzika. Kogo angekaa mbele na jamaa, lakini mwaka huo miguu ilimkataa kabisa, na alikataa kubebwa kama gunia mbele ya watu. Akakaa juu na wenzake, amejifunga leso, akitazama midomo ya wazee ikifunguka na kufungwa huko chini mchana kutwa. Jioni alimwita baba akamuuliza walisema nini juu ya mzee wake. Baba, aliyekuwa amekimbizana na wageni siku nzima, akamjibu kwamba walisema vizuri.

"Vizuri si neno," Kogo akasema. "Nipe maneno."

Baba hakuwa nayo. Alijaribu kuokoteza hapa na pale, yule alisema hivi, huyu alisema vile, Kogo akamsikiliza kidogo kisha akageukia ukuta. Mimi nilikuwa nimelala kitanda kimoja naye usiku ule na nilijua hajalala. Tangu hapo, kila baada ya siku chache, alimuuliza tena, bila ugomvi, vile mtu anauliza kama ng'ombe amekunywa maji. Ilikuwa inammaliza baba. Akaacha kutengeneza redio za watu kwa wakati, watu wakaanza kunung'unika, naye yuko kwenye uwanja wa kanisa mchana, hakuna ibada, anatembea juu na chini akipiga makofi na kusikiliza.

Alichokuja kukitengeneza kilikuwa sanduku refu jembamba, refu kuliko yeye, la mbao za masanduku ya chai kwa kuwa ni kavu na nyepesi. Ndani alilitandika gunia. Mbele akavipanga vile viduara vidogo vya redio zilizokufa, kimoja juu ya kingine, kutoka chini hadi juu. Alinieleza kwa sababu mimi ndiye niliyeuliza. Sauti ikitoka mdomo mmoja, alisema, inatawanyika ovyo, nyingine inawaendea ndege na nyingine siafu. Midomo mingi ikisimama kwenye mstari mmoja, inaenda mbele na kando tu, mahali watu walipo. Halafu, kwa kuwa watu wetu wamekaa wakipanda na kilima, akalikata sanduku sehemu ya juu akaliinamisha nyuma kidogo, kama mtu aliyeinua kidevu kumwangalia aliye juu. Hicho kidevu kilikuwa cha akina nyanya. Baadaye sana nilikuja kusoma kwamba huko mbali kuna watu waliokwisha kupanga spika wima hivyo. Sawa. Baba hakuwajua na wao hawakukijua kilima chetu.

Kujaribu ndiko kulikotuchosha wote. Shamba letu la majani lilipakana na uwanja kwa juu, kwa hiyo mama alipokuwa akichuma baba alisimama chini na maikrofoni na betri ya gari, akasema neno, na mama alipaswa kurudisha alichosikia. Baba akasema bata. Mama akapaaza sauti kutoka kwenye majani: pata. Baba akafungua sanduku, akabadilisha nyaya, akasema bata. Mama akajibu pata. Asubuhi nzima ikaenda hivyo, kikapu cha mama hakijajaa nusu, hadi akashuka mwenyewe na hasira zake.

"Wewe unasema pata na mimi nasema pata," akamwambia. "Sisi mdomoni hatutofautishi, na unataka mbao itofautishe?"

Mimi niliyekuwa nimeanza shule na kuchapwa kwa ajili ya hizo herufi mbili ndiye peke yangu niliyejua ukubwa wa ukweli huo. Baba alikaa chini akacheka mpaka machozi, na sikumbuki kumwona akicheka hivyo tena mwaka ule. Kutoka siku hiyo akajaribu kwa majina ya ng'ombe wa majirani, na mama hakukosea hata moja.

Akatengeneza na la pili kama hilo, na wazee wa kanisa walipoyaona yale masanduku mawili hawakuyapenda. Mmoja alisema yanafanana na majeneza yaliyosimama. Lakini harambee ya kujenga kanisa ilikuwa karibu, wenye spika za bati walikuwa wamekodiwa kwingine, na mchungaji hakuwa na njia. Baba akayafunga kwenye nguzo pande mbili za jukwaa. Asubuhi hiyo alipanda hadi kwenye ua akamwonyesha Kogo pa kukaa, akamwambia leo atasikia.

Mgeni wetu wa heshima alikuwa mbunge, na sauti yake tuliijua wote kwa redio. Sisi watoto wa shule ya Jumapili tuliimba, tukaambiwa tukae pale pale miguuni pa jukwaa. Yeye akashika maikrofoni akaanza kusalimia. Akamsalimia mchungaji, wazee, akina mama, vijana, hata polisi. Nikangoja. Huyu mtu ambaye kila jioni haanzi neno bila kumtaja Bwana Spika, leo amesimama katikati ya Spika wawili, mmoja kulia na mmoja kushoto, na amewapita kama nguzo za ua. Niliona aibu kwa niaba yake. Nikaogopa pia atatolewa nje na harambee iharibike. Nikasimama.

"Hujasalimia Bwana Spika," nikamwambia.

Maikrofoni ilikuwa karibu, na neno langu likapanda kilima chote. Akainama akaniuliza Bwana Spika yuko wapi. Nikamwonyesha masanduku. Alikuwa mtu wa kujua nafasi ikijitokeza, hilo sitamnyima. Aligeuka, akaweka mkono kifuani, akainamia sanduku la kulia kisha la kushoto, akasema: Bwana Spika, naomba radhi, na nashukuru kwa kunipa nafasi. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Akauliza aliyemzaa Bwana Spika huyu ni nani, baba akasukumwa mbele na vijana, na koleo mkononi, na jasho, na shati la kazi. Mbunge akampigia saluti. Watu wakacheka tena, wengine wakilala kwenye nyasi. Mimi nilisimama pale nimejaa furaha, kwa sababu kwa macho yangu heshima ilikuwa imetolewa hadharani. Ndipo nikamwona baba usoni.

Hakuna aliyejiuliza mzaha ule ulikuwa umefikaje juu kwenye ua bila kupotea njiani. Walichoondoka nacho ni jina. Kesho yake sokoni alikuwa Bwana Spika, na hivyo akabaki. Watu huniuliza kama najilaumu. Hapana, nilikuwa mtoto na nilisema nilichokijua. Kinachonichosha ni kingine. Maseremala walianza kuyaiga yale masanduku. Kila kanisa la vilima vile likataka mawili, kisha makanisa ya Fort Ternan huko chini, kisha nikayaona hadi Siongiroi kwenye uwanja ulio sawa kama meza, masanduku marefu yenye kidevu kimeinuliwa, yanahubiria mawingu. Ukimuuliza seremala kidevu ni cha nini, anakwambia ndivyo spika ya kanisa inavyokuwa. Siku moja nilimwonyesha baba, tukiwa njiani kwenda kwa shemeji yangu. Aliyatazama dirishani akasema tu, hao watu wao wamekaa penye usawa, wangeyasimamisha wima. Jina lake halikuwa kwenye hata moja, na hakulitafuta.

Lakini jioni ile ya harambee hayo yote yalikuwa bado. Baba alirudi nyumbani na masanduku yake kwenye mkokoteni. Akamuuliza Kogo kama alisikia. Kogo akamwambia watu walicheka. Baba akangoja aongeze, hakuongeza, naye akachukua kwamba aliona watu wakicheka, kama alivyoona midomo ya wazee siku ile ya babu. Akamwambia mama kazi imeshindikana, na mbao zitafaa kuku. Mama akamwambia asiwe na haraka, kuku wana nyumba. Wiki hiyo baba hakufungua kibanda siku mbili tatu. Aliketi nje akiangalia njia, na mtu akipita akimsalimia kwa lile jina jipya aliinua mkono tu. Mimi nilikuwa nimeacha kuzisalimia spika. Hakuna aliyenikataza, nilikosa tu hamu.

Kumbe mchungaji alikuwa ameonja kuhubiri bila kukauka koo. Jumapili akamtuma mtu aje kuyachukua masanduku, na baba akayapeleka kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Ukafika wakati wa ushuhuda. Tukaona Kogo ameinuka kule juu. Mama akakimbia kumshika mkono, maana tulidhani anataka kwenda haja. Akaanza kushuka. Ilichukua muda mrefu sana, ile miguu, fimbo mkono mmoja na mama mkono mwingine, na watu wakaimba pambio moja wakalimaliza wakalirudia, naye bado yuko njiani. Miaka mingi hakuwa ametoa ushuhuda. Angetoaje, na hata kilichoombwa hakikumfikia.

Akashika maikrofoni kwa mikono miwili. Aliongea Kipsigis, lugha yetu, na polepole.

"Siku ile mlipomsindikiza mzee wangu, mliongea mchana kutwa, na mimi sikupata hata neno," akasema. "Jumapili iliyopita niliwasikia wote mkimcheka mtoto wangu. Nilisikia mpaka nani alianza. Kwa hivyo sasa nasikia. Nataka mniambie tena mlichosema juu ya mzee."

Mzee Arap Mibei, rafiki wa babu tangu ujana wao, akaanza kusimama. Kogo akamwinulia mkono.

"Ngoja kwanza nifike mahali pangu."

Akampa mchungaji maikrofoni, akageuka, akaanza kupanda. Hakuna aliyeimba safari hii. Watu wote wale, na mchungaji, na wazee, walikaa kimya wakimngoja mwanamke mmoja apande kilima, na alipumzika mara kadhaa, na hakuna aliyekohoa. Alipoketi kando ya ua akajifunga leso vizuri, akaashiria kwa fimbo kwamba waendelee.

Arap Mibei akasema ukweli, kwamba maneno ya siku ile hayakumbuki yote, lakini atasema anayoyajua. Hakupaaza sauti. Akaongea kama mtu aliyeketi naye jikoni. Akasema babu hakuwahi kulipita boma la mtu bila kuuliza wagonjwa. Akasema alikuwa akiimba vibaya na hakujua. Akasema mwaka ule wa njaa babu alimletea ng'ombe wa maziwa, yule mwekundu mwenye pembe moja, akamwachia mpaka watoto wake wakapata nguvu, bila kumwomba chochote, na kwamba ng'ombe huyo wa babu ndiye aliyemlea kifungua mimba wake.

"Huyo ng'ombe alikuwa wangu," Kogo akasema kutoka juu.

Hakuwa na maikrofoni, lakini palikuwa na utulivu mkubwa hivi kwamba kila mtu mteremkoni na jukwaani alimsikia. Arap Mibei akavua kofia, akasema ni kweli, ng'ombe alikuwa wa mama, na anamshukuru leo. Uwanja wote ukaanza kucheka, wazee wakipigana mabegani, akina nyanya pale kwenye ua wakicheka kupita wote, maana sasa nao walijua kinachochekesha.

Baba alikuwa nyuma ya masanduku, karibu na betri. Huko nyuma, kwa vile alivyoyatengeneza, sauti haifiki. Ushuhuda wa mama yake hakuupata, wala ya ng'ombe hakuyapata. Alichosikia ni kicheko tu, kikubwa, kikishuka kilima, na nikamwona akishika waya kama anayetaka kuung'oa. Nikakimbia kwake.

"Wanacheka nini tena?" akaniuliza, bila kuniangalia.

Nikamwambia Arap Mibei amekosea kuhusu ng'ombe, na Kogo amemsahihisha, akiwa kule juu.

"Akiwa kule juu," baba akasema.

"Kwenye ua."

Akaachilia waya. Akakaa chini pale pale kwenye nyasi, mgongo kwenye sanduku lake, na mzee wa pili alikuwa tayari ameshika maikrofoni.